Kipa Asiyekaa Mstarini

Wa kwanza kunipokea katika ua wa yule dobi alikuwa bata bukini. Nasema kunipokea kwa kuwa sina neno jingine la adabu. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mashati ya safari, mguu mmoja umeingia getini, wa pili bado uko barabarani, nikaona kitu cheupe kinanijia kimeinamisha shingo hadi karibu na ardhi, mabawa wazi, kinatoa sauti kama pasi ya moto iliyodondokewa na maji. Nikarudi nyuma. Nimevuka mipaka mingi na nimehojiwa na askari wa kila namna, lakini hakuna aliyepata kunirudisha upesi namna ile.

"Usirudi nyuma!" alisema msichana aliyekuwa akianika mashuka. "Ukirudi, umemwambia geti ni lake."

"Kwani si lake?"

"Ni lake," akakubali. "Lakini yeye asijue."

Msichana mwenyewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mgongoni mwa mkono wake wa kulia palikuwa na kovu la pembetatu, chapa kamili ya ncha ya pasi. Alisoma ufundi umeme katika chuo kilichopakana na ua ule, na alikuwa kipa wa timu ya mpira ya wasichana. Wenzake walimwita Komeo. Bata naye aliitwa Meneja.

"Kwa nini Meneja?" niliuliza.

"Hafui, hapigi pasi, haaniki. Kazi yake kuzunguka na kupiga kelele. Wewe ungemwitaje?"

Nilikuja kukaa katika mji ule muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na nguo zangu zikawa zinakwenda pale kila zilipochafuka. Mengine ya kisa hiki niliyaona kwa macho, mengine alinisimulia Komeo huku mkono unakwenda na kurudi juu ya kola za watu. Hakuwa mtu wa kujipamba, kwa hiyo namwamini.

Ua ulikuwa wa shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu yake pasi za mkaa zilizopangwa kama magari kwenye foleni. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, na Shangazi hakutaka kazi yake iende na umeme. Nyuma ya pazia ndipo Komeo alipolala: kitanda, ndoo, glavu zilizotundikwa kwenye msumari, na ubao wenye swichi na nyaya za mazoezi ya darasani. Baba yake, dereva wa lori, alimshusha pale mwaka wa kwanza kwa sababu bweni la wasichana lilikuwa na vitanda vichache na majina mengi. Kila asubuhi kabla ya darasa alipiga pasi, na hiyo ndiyo ilikuwa kodi yake.

Uani, kamba za nguo zilitoka ukutani zikafungwa kwenye nguzo ya chuma karibu na geti. Meneja aliletwa baada ya mashuka ya nyumba ya wageni kuibwa kambani yakiwa bado yanachuruzika. Shangazi alitaka mbwa. Mteja mmoja akamletea kifaranga cha bata bukini, akamwambia mbwa anakula sana na kulala zaidi. Tangu kifaranga kile kiote manyoya ya watu wazima, ua ule haukupoteza hata leso.

Sasa, kipa mfupi ana ugonjwa usio na dawa, nao ni mwamba wa juu wa goli. Komeo alipojitokeza kuomba nafasi ya kudaka, Kocha alimtazama yeye, akautazama mwamba, akacheka. Kocha alikuwa mwalimu wa uchomeleaji, mwenye goti bovu na sauti nzuri. Enzi zake alicheza beki, na hadi leo alitembea kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayetaka kumpita.

"Binti, wewe ukisimama pale, goli litadhani liko peke yake."

"Sitasimama," Komeo alijibu.

Kocha alidhani ni utani. Akampa glavu kwa kuwa kipa aliyekuwepo alikuwa amehitimu, na wengine wote walipenda kufunga kuliko kufungwa.

Komeo hakujifunza kudaka kwa Kocha. Siku moja jibwa la bucha lilisukuma geti la Shangazi kwa pua. Shangazi, mtu mzima na mwili wake, akapanda juu ya meza ya pasi. Meneja hakungoja kuliona jibwa zima. Alipoiona pua tu akaondoka, shingo chini, mabawa wazi, moja kwa moja. Jibwa likageuka na kutoka mbio huku mkia umefichwa mahali pake.

"Hakuligusa," Komeo aliniambia. "Aliliwahi tu. Jibwa lilikuwa bado linafikiri. Angeliacha limalize kufikiri, yeye angekuwa kitoweo."

Basi akaanza kutoka golini. Mshambuliaji anayepata mpira nyuma ya mabeki huwa na nafasi fupi ya kuchagua: kushoto, kulia, au juu. Komeo akawa anafika kabla ya uchaguzi. Alitoka kwa nguvu zote hadi ukingo wa mwisho wa eneo la kumi na nane, pale ambapo mikono ya kipa bado ni halali, akauzoa mpira miguuni mwa mtu, akasimama nao. Ukingo aliujua. Hata Meneja alikuwa na ukingo wake: akimfukuza mtu hadi kwenye nguzo ya chuma hugeuka ghafla, kama mama aliyekumbuka chungu jikoni. Washambuliaji wa vyuo vingine walimchukia Komeo kwa moyo wote. Mabeki wake ndio waliompa jina.

Kiwanja kizuri cha chuo kilikuwa cha wavulana, na mistari yake ilipakwa rangi. Wasichana walipewa uwanja nyuma ya karakana ya useremala, ambako upepo huleta pumba za mbao na mpira hupenda kuteremkia mtaroni. Mistari hawakupewa. Waliomba, wakaambiwa mwakani. Mwakani ikafika na mwakani yake. Ndipo nahodha mmoja wa zamani, ambaye hakuna aliyebaki chuoni anayemkumbuka sura, akakata kamba ya nailoni, akaipima vizuri, akaifunga mafundo: fundo la kumi na nane, fundo la eneo dogo, fundo la duara la kati. Kamba ile ikarithiwa na kila nahodha, pamoja na kitambaa cha mkononi. Kabla ya mazoezi waliinyoosha, wakafuata mafundo, wakachora mistari kwa majivu ya pasi za Shangazi.

Waliionea fahari mistari ile. Mvulana mmoja aliwahi kuwacheka, "Nyie mnachezea jikoni?" na Nahodha wao wa sasa, binti mrefu anayesoma uashi, akamjibu, "Ndiyo, na tunapika. Njoo uonje." Hakuja.

Mazoezi yakiisha, jezi zilikuwa zimeloa jasho na matope. Walizifulia uani kwa Shangazi, na kwa kuwa kamba za pale zilikuwa za nguo za wateja, walichukua ile ile ya mafundo, wakaifunga kati ya nguzo na bomba, wakaanika jezi za timu nzima zikiwa zinachuruzika. Mazoezi yanayofuata wakaifungua na kwenda kupimia. Kamba moja, kazi mbili. Kila mtu aliona ni akili.

Mechi ya kwanza dhidi ya chuo cha ualimu ilichezwa kwao, mara ya kwanza Komeo kudaka ugenini, kwenye uwanja wenye jukwaa na mistari ya chokaa iliyonyooka kama ya daftari. Mshambuliaji wao walimwita Sindano, mwembamba, mwepesi, anayepenya pale ambapo wewe huoni tundu. Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni bila goli. Mpira mrefu ukapita juu ya mabeki, Sindano akauandama, na Komeo akatoka.

Alifika kwanza, kama kawaida yake. Akauzoa kwa mikono miwili, akaviringika, akasimama nao kifuani. Filimbi.

"Refa, niko ndani!"

Refa alionyesha chini kwa kidole. Mstari mweupe ulikuwa nyuma ya visigino vya Komeo, tena nyuma kwa mbali, si wa kubishaniwa.

Kadi ya njano; Nahodha alikuwa karibu, amefunika goli nyuma yake, vinginevyo ingekuwa nyekundu. Mpira wa adhabu ukapigwa Komeo akiwa bado anautazama ule mstari kwa macho ya mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa. Goli. Jukwaani watu wakapata sikukuu.

"Komeo limelegea!"

"Mpelekeni kwa seremala!"

"Kipa, goli liko huku! Umepotea, uulize njia!"

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha alingoja hadi kila mtu akae.

"Ule mstari hukuuona?"

"Sikuwa na haja ya kuuona. Naujua."

"Unaujua! Umedaka mpira barabarani unasema unaujua. Kuanzia leo unadaka kwenye mstari wa goli. Hatua moja mbele ya nguzo, basi."

"Mimi nikikaa pale, Kocha, kila mtu atanipiga juu ya kichwa. Niangalie nilivyo."

"Huwezi kukaa au hutaki?"

Komeo alikuwa na nafasi ya kusema siwezi. Lingekuwa jibu la adabu.

"Sitaki."

Mtu mmoja aliangusha kiatu. Kocha akavua kofia, akaivaa tena. "Vizuri. Basi mechi ya marudiano atadaka mwenzako."

Kipa wa akiba, binti wa mwaka wa kwanza waliyemwita Twiga, mrefu na mwenye haya, aliinamia kamba za viatu vyake kana kwamba zimeandikwa kitu.

Wakiwa wanatoka, Nahodha alimwambia Komeo bila kumgeukia, "Kiburi chako kitatumaliza."

"Si kiburi. Nilikuwa ndani."

"Sote tuliona, mwenzangu. Sote."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko goli. Kama angekuwa ametoka kwa kutojua, angejifunza. Lakini alikuwa anajua. Miguu yake ilijua, na miguu ile ilikuwa imemdanganya mbele ya watu. Akaanza kununa. Aliunguza kola ya shati, tena shati langu, na hakuniomba radhi. Nilimwachia kwa kuwa uso wake siku ile haukuwa wa kudaiwa kola.

Katikati ya kununa huko, toroli la muuza maji lilimkanyaga Meneja. Gurudumu lilipita kwenye mguu na kuburuza bawa, na bata akabaki amekaa chini ya beseni jioni nzima, kimya. Shangazi alisema sasa heshima itarudi nyumbani. Kesho yake muuza maji akarudi na toroli lake, anasukuma kwa kujiamini, na Meneja akatoka chini ya beseni akichechemea, shingo chini. Hakuliendea gurudumu. Alizunguka ubavuni, akamkamata muuza maji suruali nyuma ya goti, na madumu yote yakalala chini.

Baada ya kelele kwisha na mwenye suruali kuahidiwa kushonewa, Shangazi alirudi kwenye beseni lake.

"Hajakoma," alisema.

"Hajakoma," Komeo akasema. "Lakini gurudumu kaliacha."

"Ana akili kuliko watu ninaowalisha."

"Shangazi, unanisema mimi?"

"Nasema bata. Ukijisikia ni juu yako. Umevimba tangu mmerudi, kola za watu zinanuka moshi. Ulikosea, ukosee. Lakini nenda ukajue ulikosea wapi. Kununa nani atakulipa?"

Komeo aliweka pasi kwenye kigae chake, akaenda bweni kumtafuta Nahodha. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ile.

"Nataka unipimie," alisema mlangoni.

"Nikupimie nini, kaburi?"

"Kumi na nane. Kwa tepu yako."

Nahodha alitembea na tepu ya chuma mkobani kama wengine wanavyotembea na kioo. Alisonya, akaichukua. Nyuma ya karakana, majivu ya mazoezi ya mwisho yalikuwa bado yanaonekana. Komeo alishika mwanzo wa tepu kwenye mstari wa goli, Nahodha akarudi nayo kinyumenyume. Akasoma. Akaja kupima upande wa pili, kama fundi anayetafuta mahali pa kuficha ukuta uliopinda.

"Vipi?" Komeo aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe."

Kipimo halali kiliishia ndani kabisa ya eneo lao. Kati yake na mstari wa majivu palikuwa na nafasi ya mtu kulala na kunyoosha miguu. Pale hasa ndipo Komeo alipokuwa akidaka siku zote, kwa haki zote, kwenye uwanja ambao hakuna mwingine duniani aliyeuchora hivyo.

Wakaileta kamba, wakainyoosha kando ya tepu. Kila fundo lilikuwa limehama. Nahodha alikaa chini kwenye pumba za mbao.

"Jezi," alisema.

"Jezi zimefanyaje?"

"Jezi mbichi, Komeo. Nailoni inavutika. Miaka yote hii tumekuwa tunaianika timu nzima juu ya kipimo chetu."

Walicheka hadi seremala akachungulia dirishani kujua nani kaumia. Kisha Nahodha akaacha kucheka ghafla. "Mimi ni mwashi. Mimi! Siwezi kujenga choo bila tepu, halafu kiwanja nakipima kwa kamba ya nguo kwa sababu nahodha aliyepita alipima nayo."

"Na uliniambia nina kiburi."

"Nimelifuta."

"Lifute mbele ya timu."

"Usinichoshe," alisema Nahodha, lakini kesho yake alilifuta, mbele ya timu na mbele ya Kocha, tepu mkononi. Kamba ya mafundo ikabaki kuwa kamba ya jezi, na kiwanja kikachorwa upya.

Kujua kosa ni jambo moja, kulitoa miguuni ni jingine. Kwa siku nyingi Komeo alikuwa anatoka, anaudaka mpira, anatazama chini, yuko nje. Nahodha alikuwa anamrushia mipira kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, huku anapiga kelele "Nje! Nje tena! Umo! Nje!" Ikabidi ajifunze ufundi mwingine kabisa: ukingo ukifika, mikono ilale na miguu iamke. Akavuka mstari akapiga kwa guu. Akavuka akapiga kwa kichwa. Mara ya kwanza aliyopiga kichwa mpira ulikwenda mtaroni na yeye akaenda nao.

Kocha alikuja uani kwa Shangazi kuchukua traksuti yake karibu na siku ya marudiano. Nilikuwepo, nikingoja mashati. Alifungua geti na Meneja akamkabili; Kocha akarudi hadi mgongo ukagusa ukuta wa nje.

"Mfungeni huyu!"

"Mwalimu, wewe mtu mzima," Shangazi alisema bila kuinua uso kwenye beseni. "Mpite tu."

"Nampitaje?"

Komeo alitoka chumba cha pasi, traksuti mkononi, lakini hakumpa. "Kocha, huyu angekuwa anakaa mlangoni kwake anakungoja, si ungekuwa umeshampita?"

Kocha alielewa anakopelekwa. "Bata hana mabeki nyuma yake. Hana refa. Na hakuna anayempiga mpira juu ya kichwa."

"Mimi nikikaa nitapigwa juu ya kichwa. Nikitoka nitapigwa juu ya kichwa. Tofauti ni kwamba nikitoka, anayepiga anapiga akiwa na haraka."

"Sikiliza, binti. Kosa la kamba si lako peke yako, kwa hiyo nakuanzisha. Hilo nimelikubali. Lakini nimecheza beki nusu ya maisha yangu, na najua nyuma yangu ninapotaka kumkuta kipa. Ukivuka ile hatua moja, nakutoa. Umeelewa?"

"Nimekusikia, Kocha."

Shangazi alicheka ndani ya povu. "Mwalimu, hapo hujajibiwa."

Marudiano yalichezwa kwenye kiwanja cha wavulana. Chuo kizima kilikuja, wengine kushangilia na wengine kutaka kuona kama lile komeo limepata seremala. Kipindi cha kwanza Komeo alikaa. Alikaa kweli, hatua moja mbele ya nguzo, mikono wazi, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Sindano alipata mpira nje ya kumi na nane, akainua macho, akamwona kipa yuko mbali na yuko chini, akatulia, akachagua. Mpira ukapita juu ya vidole vya Komeo ukagonga mwamba. Mwamba ulilia hadi tuliokuwa pembeni tukausikia. Baadaye akapata mwingine, akatulia vile vile, ukapita kando ya nguzo kwa upana wa kiganja.

Wakati wa mapumziko Kocha alimpiga Komeo begani. "Umeona? Nidhamu. Hatujafungwa."

"Kocha, mwamba ndio uliodaka."

"Umedaka vizuri."

"Basi mpe mwamba glavu," alisema, akanywa maji, akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili mpira wa kwanza mrefu ulipopita juu ya Nahodha, Komeo alikuwa tayari njiani. Alitoka golini, akavuka eneo dogo, akavuka mstari wa kumi na nane bila kuutazama, mikono imelala ubavuni, akaupiga mpira kwa guu la kushoto hadi jukwaani wakati Sindano bado anakunja mwili kuupokea. Watu waliguna. Kocha alisimama.

"Komeo! Rudi!"

Hakurudi hata golini. Alibaki pale kwenye ukingo, anatembea huku na huko. Kocha akamgeukia Twiga. "Pasha mwili."

Mpira wa pili aliutoa kwa kichwa, mbali kabisa na lango, na safari hii haukwenda mtaroni. Wa tatu ulikuja ukiwa umepoteza nguvu, ukadunda karibu na mstari, na Komeo akauzoa kwa mikono. Upande wa wageni wote wakainua mikono. "Nje! Refa, nje!" Refa alikuja mbio, akainama, akatazama visigino, akatazama mstari, akainuka, akaashiria mpira uendelee. Nahodha alimtumia Kocha tabasamu. Kocha hakulipokea, alikuwa anamvua Twiga jaketi.

Ikabidi wangoje mpira utoke nje. Ulikataa kutoka. Ulikwenda huku, ukarudi, ukakaa katikati, na Twiga alisimama kwenye mstari wa pembeni na glavu mpya. Mwishowe ukatoka, upande wa benchi letu. Mwamuzi wa akiba akamtazama Kocha.

Komeo alikuwa ameona. Alikuja hadi karibu na nusu ya uwanja, mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka, akasema chuo kizima kikasikia.

"Nitoe basi, Kocha! Lakini nitoe nikiwa hapa hapa niliposimama. Kule mstarini sirudi kukufurahisha!"

Sijui kama kuna lugha ambayo maneno hayo yangepita bila adhabu. Kocha alifungua mdomo. Kisha macho yake yakahama, yakaenda kwa Sindano, aliyekuwa amesimama upande wa wageni akingoja mpira urushwe. Sindano hakuwa anautazama mpira. Alikuwa anamtafuta Komeo kwa jicho, juu ya bega, akijaribu kuwa kama haangalii. Mpira uliotangulia alikuwa nao peke yake, mbele yake nafasi tele, akaurudisha nyuma kwa mwenzake. Kocha alikuwa amecheza beki nusu ya maisha yake. Mshambuliaji aliyeanza kuogopa alimjua hata kwa namna anavyovuta soksi.

"Kocha, niingie?" Twiga aliuliza.

"Kaa," alisema. "Kaa umwangalie."

Akamwashiria mwamuzi wa akiba kwamba hakuna badiliko. Akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni kwenye ile traksuti iliyonyooshwa vizuri, akachechemea hadi ukingoni mwa mstari.

"Mabeki juu!" alipaza sauti. "Nahodha! Wapandishe wote juu! Mnamlinda nani huko nyuma? Kuna mtu huko?"

Nahodha aligeuka kutazama. Goli lilikuwa tupu, nyavu zinacheza na upepo, na Komeo alikuwa karibu kumkanyaga visigino.

"Wewe," alisema Nahodha, "unanipumulia kisogoni tangu lini?"

"Sogea," alisema Komeo. "Umemsikia mwalimu."